Fahamu Tiba ya Osteopathia na Athari Zake kwa Mfumo wa Fahamu Unaojiendesha

Na Mwandishi Wetu

Moyo wa binadamu hupiga takriban mara laki moja kwa siku bila mwenyewe kuuamuru. Chakula kikishamezwa, tumbo na utumbo huendelea na kazi yake bila kusubiri ruhusa. Jua linapochoma, jasho hutoka. Mtu anapoingia katika chumba chenye giza, mboni za macho hupanuka. Kazi hizi zote husimamiwa na sehemu ya mwili inayoitwa mfumo wa fahamu unaojiendesha, yaani ule usiohitaji amri ya hiari ya mtu ili ufanye kazi.

Miongoni mwa wanaoutaja sana mfumo huu ni watoa huduma ya osteopathia, tiba inayotumia mikono kukanda, kunyoosha na kusogeza misuli na viungo. Baadhi yao hueleza kuwa kwa kuushughulikia mgongo, shingo na mbavu, wanaweza kutuliza moyo, kushusha shinikizo la damu, kurekebisha usagaji wa chakula na kuondoa msongo wa mawazo. Makala haya yanaeleza mfumo huo ni upi, kwa nini mgongo unahusishwa nao, tafiti zimeonesha nini hadi sasa, na mwananchi azingatie nini kabla ya kuitafuta tiba ya aina hiyo.

Jambo hili lina uzito kwa afya ya jamii. Shirika la Afya Duniani (WHO) limekadiria kuwa watu wazima wapatao bilioni 1.4 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 duniani waliishi na shinikizo la juu la damu mwaka 2024, na karibu nusu yao hawakujua kama wanalo. Mgonjwa anayeacha dawa zake kwa sababu alijisikia mwepesi baada ya kukandwa mgongo anajiweka katika hatari ya kiharusi, moyo kushindwa kufanya kazi au figo kuharibika. Wepesi aliousikia huenda ulikuwa wa kweli, lakini uamuzi alioujenga juu yake si salama.

Osteopathia ni nini

Jina la tiba hii limetokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja likimaanisha mfupa na jingine likimaanisha mateso au ugonjwa. Mwasisi wake ni Andrew Taylor Still, tabibu wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1828 katika jimbo la Virginia. Mwaka 1864 alifiwa na watoto watatu kwa homa ya uti wa mgongo, msiba uliomfanya azitilie shaka dawa za zama zake, nyingi zikiwa na sumu kama zebaki. Mwaka 1874 alianza kutangaza mawazo yake mapya, na mwaka 1892 akafungua chuo cha kwanza cha osteopathia katika mji wa Kirksville, jimbo la Missouri.

Still alijenga fundisho lake juu ya nguzo tatu: kwamba mwili ni kitu kimoja, kwamba umbo la kiungo na kazi yake hutegemeana, na kwamba mwili una uwezo wa kujirekebisha. Kutokana na msingi huo, mtaalamu huupapasa mwili kutafuta sehemu zilizokaza, zenye maumivu au zisizojongea vizuri, kisha huzishughulikia kwa mikono. Zipo mbinu laini, kama vile kulegeza misuli na utando unaoifunika, au kumtaka mgonjwa asukume dhidi ya mkono wa mtaalamu na baadaye alegeze. Ipo mbinu ya msukumo mfupi na wa haraka kwenye kiungo, ambao mara nyingine hutoa mlio. Vilevile, ipo mbinu ya mguso mwepesi wa kichwa iliyoanzishwa na mwanafunzi wa Still, William Garner Sutherland.

Ni vyema kutofautisha osteopathia na huduma ambazo jamii zetu zinazifahamu tangu zamani. Licha ya jina lake, haiungi mfupa uliovunjika, hivyo si sawa na kazi ya waunga mifupa wa jadi. Aidha, si ukandaji wa kawaida wa kuondoa uchovu, ingawa baadhi ya mbinu zake zinafanana nao.

Hadhi ya tiba hii hutofautiana kati ya nchi na nchi. Nchini Marekani, wahitimu wa vyuo vya osteopathia ni madaktari kamili, wenye kibali cha kuandika dawa na kufanya upasuaji. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1993 iliiweka taaluma hii chini ya baraza maalumu na kulilinda jina lake, lakini wanaoifanya hawahesabiwi kuwa madaktari kwa sababu ya mafunzo hayo. Ufaransa ililitambua jina la taaluma hii kupitia sheria ya Machi 2002. Mwaka 2010, WHO ilichapisha vigezo vya mafunzo ya osteopathia ili kuzisaidia nchi wanachama kulinda usalama wa wagonjwa. Kwa hiyo, mwananchi anapokutana na mtu anayejitambulisha kwa taaluma hii, jina hilo peke yake halitoshi kumwambia kiwango cha elimu aliyonayo mhusika.

Mfumo unaofanya kazi bila kuamriwa

Jina linalotumiwa na wanasayansi kwa mfumo huu lilipendekezwa mwaka 1898 na mwanafiziolojia wa Uingereza John Newport Langley. Mfumo una matawi mawili makuu, yaani simpathetiki na parasimpathetiki, pamoja na mtandao mpana wa neva ulio ndani ya kuta za utumbo.

Tawi la simpathetiki huuandaa mwili kukabili dharura. Mtu anayevuka barabara akashtushwa na pikipiki iliyotokea ghafla huruka pembeni kabla hajafikiri. Papo hapo moyo wake huenda mbio, njia za hewa hutanuka, damu huelekezwa kwenye misuli, ini huachilia sukari, na viganja hutoa jasho. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu ili kuimarisha mwitikio huo. Mwanafiziolojia wa Marekani Walter Cannon ndiye aliyeueleza mwitikio huu mwanzoni mwa karne ya 20 kuwa ni maandalizi ya mwili ya kupambana au kukimbia.

Tawi la parasimpathetiki husimamia mapumziko, usagaji wa chakula na ukarabati wa mwili. Mtu aliyekula akashiba na kuketi kivulini yuko zaidi chini ya usimamizi wa tawi hili: mate na juisi za tumbo hutoka, utumbo hujongea, na mapigo ya moyo hupungua. Neva yake kubwa ni vagusi, inayotoka katika shina la ubongo, ikapita shingoni na kushuka hadi kwenye moyo, mapafu, tumbo na sehemu kubwa ya utumbo.

Namna neva hiyo inavyotuma ujumbe wake ilibainishwa mwaka 1921 na Otto Loewi kwa jaribio lililohusisha mioyo miwili ya vyura. Loewi aliichochea neva ya vagusi ya moyo wa kwanza, ukapunguza mapigo. Kisha alichukua kimiminika kilichokuwa ndani ya moyo huo na kukihamishia kwenye moyo wa pili, nao ukapunguza mapigo, ingawa neva yake haikuguswa. Hivyo ilidhihirika kuwa neva hutoa kemikali, ambayo baadaye ilithibitishwa kuwa ni asetilikolini. Loewi alitunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 1936 pamoja na Henry Dale.

Matawi haya mawili hayafanyi kazi kwa zamu, kwamba moja likiamka jingine hulala. Yote hufanya kazi wakati wote, na kinachobadilika ni uwiano wake. Mtu anapoinuka kitandani, damu huvutwa kuelekea miguuni. Ndani ya sekunde chache, tawi la simpathetiki huibana mishipa ya damu na kuongeza kasi ya moyo ili ubongo usikose damu. Kwa baadhi ya wazee, au kwa wagonjwa wa kisukari ambao neva zao zimeharibika, marekebisho hayo huchelewa, na hapo ndipo mtu huona giza au kuanguka. Kwa hiyo kauli kwamba tawi moja ni zuri na jingine ni baya, ambayo baadhi ya watu hupenda kuitoa, haina msingi. Mwili wenye afya huhitaji yote mawili na uwezo wa kubadilika kulingana na mahitaji ya wakati.

Kwa nini mgongo unahusishwa

Sababu ya kwanza ni ya kimaumbile. Neva za simpathetiki huanzia katika ugwe wa mgongo, kutoka usawa wa pingili ya kwanza ya kifua hadi takriban pingili ya pili ya kiuno. Zikishatoka, huungana na mlolongo wa vifundo vya neva unaoshuka kandokando ya pingili, pande zote mbili. Katika eneo la kifua, vifundo hivyo viko karibu sana na vichwa vya mbavu. Neva za parasimpathetiki, kwa upande wake, hutokea juu kabisa, katika shina la ubongo, na chini kabisa, katika eneo la nyonga. Kwa kuitazama ramani hii, waasisi wa osteopathia waliona kuwa kugusa mbavu, shingo na nyonga ni kukaribia milango ambamo neva hizo hupita.

Sababu ya pili inatokana na maabara. Imethibitishwa kwamba hisia kutoka kwenye ngozi na misuli zinaweza kubadili utendaji wa viungo vya ndani. Mwanafiziolojia wa Japani Akio Sato na wenzake walionesha, kwa kutumia wanyama waliopewa dawa ya usingizi, kuwa kuchochea ngozi au misuli hubadili mwenendo wa moyo, tumbo na kibofu. Kwa kuwa wanyama hao hawakuwa na fahamu, badiliko hilo halikuweza kuelezwa kwa hofu wala matarajio. Nchini Marekani, Irvin Korr, aliyejiunga na chuo cha Kirksville mwaka 1945, alijenga nadharia kuwa sehemu ya mgongo iliyosumbuliwa huweza kuzifanya neva za eneo hilo kuwa na wepesi uliopitiliza wa kuitikia.

Sababu ya tatu inahusu mguso wenyewe. Katika ngozi yenye vinyweleo zipo nyuzi za neva zinazoitikia zaidi mguso wa polepole, kwa kasi ya kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde, ambayo ni kasi ya mkono unaobembeleza. Nyuzi hizi hupeleka taarifa kwenye sehemu za ubongo zinazohusika na hisia za utulivu. Mama anayempapasa mtoto mgongoni hadi akalala anaitumia njia hii, hata kama hajawahi kusikia habari za neva hizo.

Hata hivyo, kuna umbali kati ya hoja hizi na madai yanayotolewa wakati mwingine. Kuonesha kuwa mguso unaweza kubadili mapigo ya moyo kwa dakika kadhaa si kuthibitisha kuwa pingili iliyokaza ndiyo chanzo cha vidonda vya tumbo au shinikizo la damu. Vilevile, si kuthibitisha kuwa kuilegeza pingili hiyo kutaponya ugonjwa huo.

Jinsi badiliko linavyopimwa

Neva hizi haziwezi kuchunguzwa moja kwa moja kwa urahisi katika mtu aliye hai. Watafiti hutumia dalili za nje, kama vile shinikizo la damu, joto la ngozi, jasho la viganja na ukubwa wa mboni. Kipimo kinachotumika zaidi ni tofauti ya muda kati ya pigo moja la moyo na lifuatalo.

Wengi hudhani moyo wenye afya hupiga kwa vipindi vilivyo sawa kabisa kama saa ya ukutani, lakini sivyo. Mtu anapovuta pumzi, moyo huongeza kasi kidogo, anapoitoa, hupunguza. Mabadiliko haya ya haraka yanayofuata pumzi huletwa kwa sehemu kubwa na neva ya vagusi. Ndiyo maana yanapoongezeka huchukuliwa kuwa ishara ya kuimarika kwa tawi la parasimpathetiki.

Kipimo hiki ni rahisi na hakimuumizi mtu, lakini kinahitaji uangalifu. Hubadilika kwa kupumua polepole, kwa kahawa, kwa usingizi wa usiku uliotangulia, kwa umri, kwa saa za siku na kwa baadhi ya dawa za moyo. Mtu yeyote akilazwa chali katika chumba tulivu kwa dakika 20, mwili wake hutulia hata kama hajaguswa. Kwa sababu hiyo, kupima kabla na baada ya tiba pekee hakutoshi. Utafiti makini huwagawa washiriki kwa bahati nasibu, wengine wapate tiba yenyewe na wengine wapate mguso wa kuigiza usiokusudiwa kutibu, kisha makundi hayo hulinganishwa.

Tafiti zinaonesha nini

Utafiti mmoja uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2008 ulihusisha watu 17 wenye afya njema. Walichunguzwa wakiwa wamelala na wakiwa wameinuliwa kwenye kitanda maalumu kinachoinama, hali inayoliamsha tawi la simpathetiki. Watafiti waliripoti kuwa kulegeza misuli ya shingo kwa mbinu ya osteopathia kulisogeza uwiano kuelekea upande wa parasimpathetiki, tofauti na ilivyokuwa kwa mguso wa kuigiza.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2015, uliwahusisha watu 66 wenye afya na kulinganisha tiba, mguso wa kuigiza na kutofanyiwa lolote. Nao uliripoti ongezeko la ishara za parasimpathetiki kwa waliopata tiba. Matokeo haya na mengine ya aina hiyo yanaashiria kuwa mikono ya mtaalamu inaweza, kwa muda mfupi, kuusaidia mwili kuingia katika hali ya utulivu.

Lakini yapo mambo ya kuzingatia kabla ya kuyatumia matokeo hayo kwa wagonjwa. Kwanza, idadi ya washiriki katika tafiti nyingi za aina hii ni ndogo. Pili, wengi wao ni watu wazima wenye afya, si wagonjwa wa moyo, kisukari au pumu. Tatu, vipimo mara nyingi huchukuliwa dakika au saa chache baada ya tiba, hivyo havisemi lolote kuhusu mwezi au mwaka unaofuata. Nne, ni vigumu kumficha mtoa tiba kama anatoa tiba halisi au anaigiza, jambo linaloweza kuathiri namna anavyomhudumia mshiriki.

Tafiti kubwa zaidi zilizoangalia maradhi yenyewe zimetoa matokeo ya wastani. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliohusisha wagonjwa 406 wenye umri wa miaka 50 na zaidi waliolazwa kwa nimonia. Walipohesabiwa wote kama walivyogawanywa mwanzoni, muda wa kulazwa haukutofautiana kwa kiwango cha kuaminika kati ya waliopata osteopathia pamoja na matibabu ya kawaida na wale waliopata matibabu ya kawaida pekee. Nchini Ufaransa, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliwafuatilia watu 400 wenye maumivu ya kiuno, waliopata vikao sita vya tiba au vya kuigiza. Waliopata tiba walikuwa na nafuu kubwa kidogo katika kufanya shughuli za kila siku, lakini tofauti hiyo ilikuwa ndogo kiasi kwamba watafiti wenyewe walitilia shaka kama mgonjwa angeitambua katika maisha yake.

Kwa maumivu ya kiuno, tiba kwa mikono ina nafasi inayotambulika. Mwongozo wa WHO uliotolewa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno kwa watu wazima uliitaja tiba ya kusogeza viungo vya mgongo na ukandaji miongoni mwa huduma zinazoweza kutolewa, sambamba na elimu kwa mgonjwa na mazoezi. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 unataka tiba hiyo itolewe tu ikiwa ni sehemu ya mpango unaojumuisha mazoezi. Hili si jambo dogo, kwa kuwa mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 duniani waliishi na maumivu ya kiuno.

Kwa muhtasari, osteopathia inaweza kuleta utulivu wa muda na nafuu ya kiasi kwa baadhi ya maumivu ya mgongo. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba inaponya shinikizo la juu la damu, kisukari, pumu, vidonda vya tumbo au ugonjwa wa moyo kwa njia ya kurekebisha mfumo wa fahamu unaojiendesha.

Usalama na dalili za hatari

Mbinu laini kwa kawaida huacha maumivu au uchovu kidogo unaopungua ndani ya siku moja au mbili. Mbinu za msukumo wa haraka, hususan shingoni, zinahitaji tahadhari kubwa. Yameripotiwa matukio, ingawa ni nadra, ya kuchanika kwa ukuta wa mshipa wa damu unaopita shingoni kuelekea kwenye ubongo, hali inayoweza kuleta kiharusi hata kwa kijana.

Wapo watu ambao mgongo wao haupaswi kusukumwa kabla ya uchunguzi wa daktari. Hao ni pamoja na wenye kifua kikuu cha mifupa, ugonjwa ambao bado upo katika jamii zetu na ambao hulegeza pingili hadi zikaporomoka. Wenye saratani iliyosambaa kwenye mifupa. Wazee ambao mifupa yao imekuwa myepesi. Waliopata ajali karibuni. Na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Mwananchi anashauriwa kwenda moja kwa moja katika kituo cha kutolea huduma za afya, badala ya kutafuta tiba ya kukandwa, iwapo ana mojawapo ya dalili zifuatazo:

– Maumivu au kubanwa kwa kifua, hasa yakiambatana na jasho jingi, kukosa pumzi au maumivu yanayoelekea mkononi au kwenye taya.

– Kupooza uso au mkono upande mmoja, kushindwa kuzungumza, au maumivu makali ya kichwa yaliyoanza ghafla.

– Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa, kupungua uzito au kutokwa jasho usiku.

– Maumivu ya kiuno yanayoambatana na ganzi katika sehemu za siri na mapajani, kudhoofika kwa miguu, au kushindwa kuzuia haja ndogo au kubwa. Hii ni dharura, kwani neva zinazobanwa zisipofunguliwa mapema mtu anaweza kubaki na ulemavu wa kudumu.

– Kuzirai mara kwa mara, au mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio.

Wagonjwa wa kisukari wanapaswa kuwa waangalifu zaidi. Kwa kuwa ugonjwa huo huweza kuharibu neva zinazojiendesha, baadhi yao hupata mshtuko wa moyo bila kusikia maumivu makali ya kifua. Uchovu wa ghafla, kichefuchefu au kukosa pumzi kwa mgonjwa wa aina hiyo kusidhaniwe kuwa ni uchovu wa mgongo.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuhudumiwa

Nchini Tanzania, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 ndiyo iliyounda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lenye jukumu la kusajili na kusimamia watoa huduma wa eneo hilo pamoja na vituo vyao. Madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Zanzibar ina sheria na vyombo vyake, kwa kuwa afya si jambo la Muungano. Mwananchi ana haki ya kuomba kuoneshwa uthibitisho wa usajili kabla ya kuhudumiwa, na mtoa huduma halali hana sababu ya kuudhika kwa ombi hilo.

Pamoja na usajili, ni vyema kumuuliza mtoa huduma maswali haya: Umesomea wapi na kwa muda gani? Unadhani tatizo langu ni nini, na umefikiaje hitimisho hilo? Ni mbinu gani utakayotumia, na ina hatari gani? Tutajuaje kama tiba inasaidia, na baada ya vikao vingapi tutaiacha iwapo haisaidii? Je, uko tayari kuwasiliana na daktari wangu?

Majibu yana mengi ya kueleza. Mtoa huduma anayeahidi kuponya kila maradhi, anayemtaka mgonjwa alipie vikao vingi kwa mkupuo, au anayemwambia aache dawa za hospitali, ameonesha mwenyewe kuwa si wa kutegemewa. Dawa za shinikizo la damu, kisukari au kifafa zisipunguzwe wala kuachwa bila ushauri wa daktari aliyeziandika. Anayehisi kuwa tiba kwa mikono inamsaidia anaweza kuitumia pamoja na matibabu yake, huku akipima shinikizo la damu mara kwa mara. Kipimo cha milimita 140 kwa 90 au zaidi, kikijirudia katika siku tofauti, kinahitaji daktari hata kama mtu hajisikii kuumwa.

Kutuliza mfumo huu bila gharama

Mengi yanayotafutwa kwa gharama katika vyumba vya tiba yanapatikana pia nyumbani. Kupumua taratibu, takriban mara sita kwa dakika, huku pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, huongeza kazi ya neva ya vagusi kwenye moyo. Mazoezi ya mara kwa mara hushusha mapigo ya moyo wakati wa kupumzika na huchangia kupunguza shinikizo la damu. WHO inapendekeza watu wazima wafanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunahesabika. Usingizi wa kutosha, kupunguza chumvi na kuacha tumbaku ni hatua ambazo ushahidi wake hauna ubishi. Kwa maumivu ya mgongo, huduma ya fiziotherapia inapatikana katika hospitali kubwa nchini, na mgonjwa anaweza kuelekezwa huko kupitia utaratibu wa rufaa.

Osteopathia imefungua maswali yenye manufaa kuhusu uhusiano wa mwili na neva zake, na utafiti bado unaendelea. Mwananchi hahitaji kuipuuza wala kuiabudu. Anachohitaji ni kuipa nafasi inayolingana na ushahidi uliopo: imsaidie kutulia na kujongea vizuri inapowezekana, huku maradhi yanayohitaji vipimo, dawa na ufuatiliaji yakibaki mikononi mwa wataalamu waliosajiliwa kuyatibu.